Kapu la Mwalimu wa Udereva

Wifi yangu akishakutazama kola, amekumaliza. Hana haja ya kukuuliza umetoka wapi wala unaishi na nani. Ni dobi, na udobi ameuanza kabla mimi sijaolewa na kaka yake, katika chumba kimoja chenye mashine tatu za kufulia, meza ndefu ya kupigia pasi na dirisha ambalo halijawahi kufungika vizuri. Majirani wanamwita Pasi. Yeye anadhani ni kwa sababu ya kazi, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia kwamba ni kwa sababu ya ulimi.

Mimi namsaidia pale dukani, kupokea nguo na kukunja, kwa hiyo ninayoyasimulia si ya kuambiwa.

Mteja akileta kapu la nguo chafu, wifi yangu halimwagi chini kama wafanyavyo madobi wengine. Analichambua kutoka juu, nguo moja moja, kwa sababu kapu lina tarehe zake. Ya juu ni ya jana, ya chini ni ya siku nyingi. Ukikuta juu mashati meupe na chini ovaroli, huyu amepanda cheo. Ukikuta chini nguo za watu wawili na juu za mmoja, hapo funga mdomo, habari za nyumbani usiulize. Nimewahi kumwona akimwambia mteja "pole sana" kabla mteja hajasalimia, na yule bwana mzima akaangua kilio pale pale kaunta.

Hakujaliwa mtoto wa kuzaa. Lakini wanangu ni wake kuliko walivyo wangu, na hilo nalisema bila kinyongo, au tuseme kwa kinyongo kidogo. Katika familia yetu mchumba hapiti bila neno la Shangazi. Mume wangu ni mtu mzima mwenye mvi zake, kazini anaamrisha watu na wanaitika, ila mbele ya dada yake anakuwa mtoto aliyevunja kikombe.

Neno lenyewe halisemi kwa mdomo. Mchumba akija kujitambulisha, Shangazi anampokea koti mlangoni. Pasi yake ndogo anakuwa nayo mkobani, anatembea nayo kama wengine wanavyotembea na miwani. Wakati wa kuondoka, koti likirudi limenyooshwa, basi karibu nyumbani. Likirudi na mikunjo yake, ahsante kwa kututembelea, na angalia ngazi.

Zamani upelelezi wake ulikuwa wa miguu. Alikuwa anakwenda mtaani kwa kijana, anakaa kwenye benchi la fundi viatu, anajifanya anasubiri kisigino, na akirudi ana habari za kijana, za mama yake na za mpangaji wa chumba cha nyuma. Halafu, kama miaka miwili iliyopita, akaacha. Alisema miguu imechoka. Akaacha na vikao vya akina mama, akaacha kukaa nje jioni kupiga soga na majirani. Ukimwambia jambo anakujibu "eeh." Ukimwambia jingine, "eeh," macho yake yako kwenye simu. Mimi nilijua amevimba kichwa. Nikamwambia mume wangu, "Dada yako siku hizi sisi hatuoni watu." Mume wangu akajibu "eeh," lakini yeye ndivyo alivyo tangu namjua.

Huko kwenye simu ndiko alikohamishia udobi wake. Wengine tukiingia mtandaoni tunatazama picha. Wifi yangu picha hana habari nazo.

"Picha mtu anapiga amejiandaa," aliniambia. "Hiyo ni nguo ya kutokea. Wewe nionyeshe anaowafuata. Hilo ndilo kapu lake, na hapo hakujiandaa."

Na kweli alikuwa anasoma. Kijana mmoja alikutwa anafuata timu sita za mpira, zote mahasimu. "Huyu hana msimamo," akasema Pasi, "ataongozwa na mama yake mpaka uzeeni." Mwingine alikuwa anafuata akaunti mbili tu, na zote mbili zake mwenyewe, moja ya kazini na moja ya nyumbani. "Huyu ameshaoa. Kajioa." Muuza miwani wa jirani alipata mwanamume aliyeapa kwamba hana mtu duniani. Pasi akafungua kapu, na pale juu akakuta duka la nguo za vichanga, kliniki ya wajawazito na fundi wa vitanda vya watoto. Muuza miwani alilia wiki nzima, kisha akatuletea keki.

Alikosea pia, tusimpambe. Kuna kijana alimwita mlevi kwa sababu alikuwa anafuata kila baa ya mji, kumbe maskini wa Mungu anauza barafu. Lakini makosa ya namna hiyo watu waliyasahau haraka. Wanawake wa jengo zima walikuwa wanakuja dukani na simu zao zimefichwa katikati ya mashuka, wanajifanya wameleta kufua. Mashuka mengine yalikuwa safi kabisa. Tuliyafua hivyo hivyo.

Basi binti yangu wa kwanza akaleta habari.

Yeye amevuka thelathini, anafanya kazi maabara, anapima damu za watu kutwa nzima na hana papara. Wachumba wawili walishakuja kwetu na kuondoka na mikunjo yao. Wa kwanza alistahili. Wa pili, mpaka leo sina uhakika, na binti yangu naye hana uhakika, ingawa hasemi. Huyu wa tatu alikuwa mwalimu wa udereva. Ndiye aliyemfundisha gari. Mwanangu alishindwa mtihani, akaugonga ukuta wa chuo, akashindwa tena, na mwalimu hakumpandishia sauti hata mara moja. "Mama, aliniambia ukuta ule ulikuwa umekaa vibaya tangu zamani," alinisimulia huku anacheka, nami nikajua hapa maji yameshamwagika.

Kisha akaacha kucheka. "Mama, safari hii koti likirudi na mikunjo, tutakwenda kufunga ndoa ofisini na mashahidi wa kuokota mlangoni. Sitagombana na mtu. Nitaondoka tu, na kuja hapa itakuwa basi."

"Na Shangazi yako?"

"Shangazi ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Kugombana naye sitaweza. Ndiyo maana nitaondoka."

Nilimfahamu mwanangu. Huwa hatishi mtu bure. Tangu siku hiyo roho yangu ikawa juu juu, nikawa nakunja suruali za wateja nikizipa mikunjo minne badala ya miwili.

Kapu la mwalimu lilisomwa asubuhi moja dukani, mashine zote tatu zikizunguka. Wifi yangu alikuwa ananyoosha shati jeupe la mteja kwa mkono wa kulia, simu ameiegemeza kwenye kopo la wanga, na kwa kidole cha kushoto anashuka. Akafika mahali kidole kikasimama. Mkono wa kulia nao ukasimama. Nikaanza kusikia harufu.

"Wifi, pasi!" nikasema.

Hakugeuka.

"Wifi! Unaunguza!"

Ikabidi nizunguke meza niiinue mwenyewe. Katika miaka yote ya kufanya naye kazi sikuwahi kumwona ameunguza nguo ya mtu. Shati lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni, na yeye alikuwa hata halioni. Nikachungulia simu. Juu kabisa ya kapu la mwalimu, kwa mfuatano, kulikuwa na mwalimu wa lugha ya alama, msichana mwenye kucha fupi anayefundisha kwa video. Chini yake, kikundi cha watu wanaopoteza usikivu ukubwani. Chini yao, duka la vifaa vya kusaidia kusikia. Halafu daktari wa masikio. Baada ya hao ndiyo yakafuata matairi, alama za barabarani na mambo mengine ya kazi yake.

"Anakuwa kiziwi," akasema Pasi.

"Labda ana ndugu yake."

Alikuwa ananitazama mdomoni. "Mwenye ndugu anaanza na lugha ya alama. Anayepotewa mwenyewe anaanza na daktari. Halafu anatafuta kifaa, anakiona kilivyo kikubwa, anaona aibu, anakiacha. Halafu anatafuta wenzake, wale wa kikundi, asome tu bila kusema neno. Lugha ya alama inakuja mwisho, ameshakata tamaa. Tazama, iko juu. Ya jana hiyo."

"Makubwa. Hayo umeyajulia wapi?"

"Eeh," akajibu, akalichukua shati lililoungua akaanza kulisugua kwa nguvu, kazi ambayo alijua kuliko mimi kwamba haina maana.

Kisha akalitupa. "Na si uziwi unaonikera, wifi. Uziwi si kosa la mtu. Ni kuficha. Mtu anaishi na watu wanaompenda, kila siku anawafanya wajinga, anaitikia asichokisikia. Halafu huyu anafundisha udereva! Mwongo wa namna hiyo hafai kukaa na mtoto wangu."

Sauti ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani ni hasira. Sikumwambia binti yangu chochote. Nilijidanganya kwamba mtu akionekana ana kwa ana, mambo huenda yakawa mengine.

Mwalimu alikuja Jumapili alasiri, peke yake, kujitambulisha tu. Mtu mrefu kidogo, mpole, ana koti la kijivu lililojikunja viwiko kwa kushika usukani. "Shikamoo Baba. Shikamoo Mama." Kwa Shangazi hakusema kitu mpaka alipofika mbele yake, akasimama, akamtazama usoni, ndipo akatamka shikamoo yake taratibu. Shangazi akaitikia, akalipokea koti, akalitundika nyuma ya mlango. Mkoba wenye pasi akauweka chini ya kiti, mbali, na binti yangu akauona ulipowekwa.

Halafu kijana akaanza vituko. Kwanza aliomba televisheni izimwe. Nikajisemea, ala, hata chai hajanywa ameshaanza amri. Kisha akaliacha kochi alilokaribishwa kando ya mume wangu, akavuta kiti cha mbao akakaa kumkabili Shangazi, upande ambao mwanga wa dirisha unampiga usoni mpaka anakunja macho. Na akawa anazungumza sentensi moja, anatulia, anatazama, ndipo anatoa nyingine. Mikono nayo inasaidia.

Mume wangu akaniegemea. "Au ndivyo anavyofundisha gia?"

Lakini niligundua jambo. Wifi yangu alikuwa anajibu. Si "eeh." Alikuwa anajibu majibu yenye mkia na kichwa, mpaka akasahau kidogo akacheka, habari za mwanafunzi aliyesimamisha gari katikati ya barabara ili ajibu simu ya mama mkwe. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya siku ile kumsikia akicheka sebuleni kwangu. Nikaanza kuwa na matumaini, nikaenda jikoni kuongeza biskuti.

Niliporudi, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa amekumbuka kazi yake.

"Mwalimu," akasema, "masikio yako ni mazima?"

"Ni mazima, Shangazi."

"Una ndugu kiziwi? Mtoto?"

"Hapana, sina."

"Basi daktari wa masikio unamfuatia nini? Na duka la vifaa? Na yule msichana wa lugha ya alama? Nimeliona kapu lako lote."

Yule kijana alimtazama Shangazi, akamtazama binti yangu, kisha akatazama viatu vyake. Akajikuna sikio, lile lile linaloulizwa.

"Sababu ninayo, Shangazi," akasema mwisho. "Ila si yangu kuisema hapa."

"Ya nani?"

"Naomba uniwie radhi kwa hilo."

"Umemficha huyu," Shangazi akamnyooshea kidole binti yangu. "Unamjia mtoto wa watu na jambo umelikalia. Mimi mtu anayeficha namwita mwongo, na hapa kwetu mwongo hakai."

Mume wangu alikuwa ameshika kikombe kitupu, anakunywa. Binti yangu akasimama. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti yake ilikuwa ile ya maabara, ya kutoa majibu.

"Sawa, Shangazi. Nionyeshe na mimi hilo kapu."

Akatoa simu yake, akafungua akaunti ya mwalimu, akatafuta. "Mimi hapa juu naona rafiki zangu wa kazini. Dada yake. Chuo cha udereva. Wewe mwenyewe, Shangazi, uko hapa. Huyo daktari simuoni." Akashuka, akashuka. "Huyu hapa. Chini kabisa."

"Kwangu yuko juu," akasema Pasi, akaitoa simu yake.

Wakaziweka simu mbili juu ya meza, kati ya chai na biskuti. Akaunti moja, ya mtu mmoja, na kila simu ina mpangilio wake. Wifi yangu aliinama akazitazama, akagusa moja, akagusa nyingine. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa inamwambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Nguo ya jana haiwezi kuwa juu kwangu na chini kwako.

"Shangazi, hili si kapu," mwanangu akamwambia, naye kwa hasira akawa anaeleza haraka, kama anavyowaeleza wagonjwa wabishi. "Haliendi kwa tarehe. Simu inamwanzishia kila mtu na wale ambao yeye mwenyewe anawafuata. Kwangu inaanza na rafiki zangu kwa sababu mimi nawafuata. Kwako inaanza na hawa kwa sababu..."

Akaweka mkono mdomoni.

"Kwa sababu gani?" akauliza mume wangu, ambaye mambo humfikia kwa posta. Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa sababu gani, jamani?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuyaona yote yakijipanga: benchi la fundi viatu, vikao vya akina mama, pasi iliyounguza shati nami napiga kelele nyuma yake, zile "eeh" za asubuhi mpaka jioni. Mwanamke aliyekuwa anajua habari za mtaa kwa masikio, masikio yakamsaliti, akakimbilia mahali ambapo habari zinaingia kwa macho. Na kila mtu mjini alikuwa amemletea kapu lake alisome, lakini hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyewahi kuchungulia la kwake. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote tangu niingie katika familia yake, na sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kupanga biskuti.

"Nilidhani kwenye kapu langu wako chini," akasema wifi yangu. Sauti ilikuwa ndogo. "Niliwafuata zamani. Halafu nikafuata watu wa maua, watu wa mapishi, watu wa mapazia, mapazia mimi nayapendea nini, ili niwafunike. Nilidhani hakuna mtu atakayefika chini."

Akamgeukia mwalimu. "Wewe ulifika."

"Niliambiwa utalisoma kapu langu, Shangazi, nikaogopa," akasema yule kijana, pole pole, uso kwenye mwanga. "Nikasema nisome lako kwanza, nijue unapenda nini nikuletee zawadi ya maana. Nikapita maua. Nikapita mapazia. Nikawakuta hao, nikawafuata, ili nijifunze namna ya kuzungumza na wewe."

"Hukumwambia huyu?"

"Kama wewe mwenyewe hujamwambia, mimi ni nani?"

"Nimekuita mwongo mbele ya wakwe zako. Ungefungua mdomo ungepona."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hukufungua."

"Hapana, Shangazi."

Wifi yangu akainama, akauvuta mkoba kutoka chini ya kiti. Akatandika taulo kwenye meza yangu ya chakula bila kuniomba ruhusa, akachomeka pasi ukutani, akaenda nyuma ya mlango akalileta koti la kijivu. Alianza na viwiko, ile mikunjo ya usukani, akailowesha kwa vidole, akaikandamiza. Mvuke ukapanda. Binti yangu alikuwa amekaa chini kwenye zulia, analia bila kujificha, na mume wangu, ambaye hatimaye posta ilikuwa imemfikia, alivua miwani akawa anaifuta na ncha ya shati.

Hapo ndipo mwalimu aliposema jambo. Pengine ni furaha iliyomsahaulisha, maana alilisema akiwa nyuma ya Shangazi, na Shangazi ameinama kwenye mvuke. Mimi nililisikia vizuri. Nikamtazama wifi yangu, nikaisubiri ile "eeh."

Mabega yake yalisimama kidogo. Alijua kuna neno limepita, na alijua sote tunajua. Akaisimamisha pasi, akageuka.

"Sema tena," akasema. "Sikusikia."

Miaka miwili hakuwahi kulitamka neno hilo, hata mara moja. Alilitamka wima, kidevu juu, kama mtu anayekudai. Mwalimu akazunguka meza akaja upande wa dirisha.

"Nimesema, naomba kumuoa binti yenu."

"Tena."

"Naomba kumuoa binti yenu, Shangazi."

"Tena."

"Shangazi jamani," mwanangu akasema kutoka kwenye zulia, akilia na kucheka kwa pamoja, "bado tu hujasikia?"

"Nimesikia mara ya kwanza," akajibu Pasi, akageukia koti lake. "Hizo nyingine nilikuwa nazitaka tu."

Siku hizi ana kifaa sikioni, kidogo kuliko alivyokiogopa, na jambo la kwanza alilonilalamikia ni kwamba mashine ya tatu inapiga kelele ya ajabu na hakuna aliyemwambia. Makapu ya watu bado anayasoma, ila anaanza kwa kutangaza kwamba tarehe hazimo, na akishasoma anamtuma mwenye mchumba akamuulize mwenyewe. Fundi viatu amemwekea tena benchi lake. Muuza miwani anasema keki haidai, hata kama ile habari ya vichanga kuwa juu ilikuwa bahati.

Juzi, wateja walipopungua, nilifungua simu yangu nikaingia kwenye akaunti ya wifi yangu, nikatazama anaowafuata. Maua yapo, na mapazia yapo, huko chini. Kwenye simu yangu wanaoanza juu kabisa ni daktari wa masikio na yule msichana mwenye kucha fupi. Nilimwomba mume wangu ya kwake nitazame, na ya kwake inaanza hivyo hivyo. Ya binti yangu pia.